INSERT INTO ... SELECT

INSERT INTO ... SELECT ni amri ya lugha ya SQL inayoongeza mistari kwenye jedwali la hifadhidata kwa kutumia majibu ya ulizo, yaani swali linaloulizwa jedwali lingine. Inatofautiana na INSERT INTO ... VALUES, ambayo kwayo mtumiaji huandika mwenyewe kila thamani.

== Historia ==
SQL ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM, Marekani, katika miaka ya 1970, kwa kufuata nadharia iliyotolewa na Edgar Codd mwaka 1970. Ilikubaliwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986, na cha kimataifa mwaka 1987.

== Mfano ==
Wilaya ya Siha, mkoani Kilimanjaro, ilimegwa kutoka Wilaya ya Hai, ambayo makao makuu yake ni Bomang'ombe. Tuseme kata zote zilikuwa katika jedwali la kata_hai, na wilaya mpya imetengenezewa jedwali lake:

 INSERT INTO kata_siha (jina, wakazi, kaya)
 SELECT jina, wakazi, kaya
 FROM kata_hai
 WHERE jina IN ('Sanya Juu', 'Ngarenairobi');

SELECT huchagua mistari inayotimiza sharti la WHERE, na INSERT huiingiza yote kwa pamoja. Usipopatikana mstari hata mmoja, hakuna kinachoongezwa, wala ujumbe wa kosa hautolewi.

== Faida ==
Amri hii hupunguza makosa ya kuandika. Kwa mfano, jina Bomang'ombe lina ritifaa, alama ileile inayofungua na kufunga maandishi katika SQL. Anayeliandika kwa VALUES hana budi kuirudia mara mbili: 'Bomang''ombe'. Akisahau, amri nzima hukataliwa. Likinakiliwa kutoka jedwali lingine, hubaki kama lilivyo.

== Tahadhari ==
* Safu hulinganishwa kwa mpangilio, si kwa majina. Ukiandika SELECT jina, kaya, wakazi, idadi ya kaya itaingia mahali pa wakazi bila onyo, kwa kuwa zote ni namba.
* Kunakili si kuhamisha. Mistari ya zamani hubaki kata_hai hadi ifutwe kwa DELETE. Isipofutwa, kata moja itahesabiwa katika wilaya mbili. Ni salama kuweka amri zote mbili katika muamala mmoja, ili zifaulu pamoja au zisitekelezwe kabisa.
* Amri ikirudiwa, mistari hujirudia, isipokuwa jedwali lina ufunguo mkuu unaozuia marudio.