Kutoka Scratch hadi lugha ya programu (Kampala)

Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na maabara ya chuo cha MIT, Marekani, humwezesha mtoto kutengeneza mchezo kwa kushikanisha vipande vya rangi. Vipande visivyopatana havishiki, kwa hiyo hakuna kosa la sarufi ya programu. Programu hiyo ina Kiswahili, na ukishaipakua hufanya kazi bila intaneti. Kwa Kampala hilo si dogo: tangu Julai 2021 data hutozwa kodi ya asilimia 12.

Mchezo mzuri wa kumvusha mwanafunzi kutoka Scratch hadi lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno ni matatu, karata zinazopendwa Uganda, ambazo Kola Studios ya Kampala ilizileta kwenye simu za Android. Sheria zake mwanafunzi anazo kichwani: kila mchezaji hupewa karata 7, ukitupiwa mbili, unachukua mbili, nane humrusha anayefuata, saba ya aina iliyoteuliwa hukata mchezo, alama zikahesabiwa. Asiyejua sheria hupambana na mchezo na lugha kwa pamoja, na wengi huachia hapo.

Kwenye Scratch, sheria ya mbili ni kipande chenye mdomo. Kilichotiwa mdomoni ndicho hutekelezwa sharti likitimia. Katika Python, lugha ya Guido van Rossum iliyotoka mwaka 1991, mdomo huo hugeuka nukta pacha mwishoni mwa mstari, na mstari unaofuata husogezwa ndani. Ukiisahau nukta pacha, programu haianzi kabisa. Alama moja ya usawa huweka thamani, mbili huuliza kama vitu vinalingana, na maneno ya amri ni ya Kiingereza.

Kwa nini basi kuhama? Jibu liko kwenye kukata. Kipande anachojitungia mtumiaji wa Scratch hakirudishi jibu. Jumla ya alama lazima iwekwe pembeni, kisha ifuatwe huko. Katika Python, kipande kama hicho hupokea karata za mkononi na kurudisha jumla papo hapo, kwa mchezaji yeyote.

Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Uganda, naye alianza na alichokijua. Alijifundisha kuandika programu kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka 3, akatengeneza Salaam, mchezo wa mkimbizi anayekimbia vita. Mwaka 2018 alituzwa katika The Game Awards.