Kigawe Kidogo cha Shirika katika aljebra

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika, tangu alipojumlisha nusu na theluthi. Akifika sekondari hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, na wengi huisahau istilahi hiyo. Ni hasara kubwa, kwa sababu kwenye aljebra ndiko inakomfaa zaidi.

Tazama umbo lake. Kigawo ni kinachogawa, kama kifuniko kinavyofunika. Kigawe ni kinachogawanywa, kwani -e ya mwisho humtaja mtendwa: kiumbe kimeumbwa, mtume ametumwa. Basi 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Kikiwa cha shirika, kigawe hugawanyika kwa asili zote bila baki. Asili ni ile namba ya chini ya sehemu. Ya juu huitwa kiasi.

Tufanye 5/(x² − 9) − 2/(x² + 3x). Asili hazifanani, kwa hiyo kwanza tutafute vigawo vyake. Ya kwanza ni (x − 3)(x + 3), ya pili ni x(x + 3). Kigawo (x + 3) kimo katika zote mbili, nacho huchukuliwa mara moja tu. KDS ni x(x − 3)(x + 3). Anayezidisha asili kwa asili hajakosea, ila ataibeba (x + 3) ya ziada mpaka mwisho wa hesabu. Neno “kidogo” limewekwa kumwepusha na mzigo huo.

Kwa kuwa KDS ni kigawe, igawe. Kwa asili ya kwanza unapata x, izidishe kwa 5. Kwa asili ya pili unapata (x − 3), izidishe kwa 2. Kiasi kipya ni 5x − 2(x − 3), na hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Kutoa kunahusu mabano yote, hivyo −2 mara −3 ni +6. Kiasi kinakuwa 3x + 6, na jibu ni

3(x + 2)/[x(x − 3)(x + 3)],

mradi x isiwe 0, 3 wala −3, maana asili ingekuwa sifuri.

Hakiki kwa x = 1. Swali linakuwa −5/8 − 1/2, yaani −9/8, na jibu letu nalo ni −9/8. Aliyeandika 3x − 6 atapata 3/8, na papo hapo atajua pa kurudi: kwenye mabano.