Safu ya Lugha: Muktadha

Wengi tulilijua neno hili darasani kupitia "kaa": ni mnyama wa pwani, ni kaa la moto, au mtu anaambiwa aketi? Muktadha ndio huamua. Leo linamfaa pia kijana wa Roret anayesimamia seva za mbali akiwa nyumbani, katikati ya mashamba ya chai.

Katika Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi uliotangazwa na Google mwaka 2014, muktadha ni mambo matatu kwa pamoja: klasta (yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja), mtumiaji, na nafasi ya majina (yaani sehemu iliyotengwa ndani ya klasta). Amri ya kufuta huandikwa vilevile, uwe kwenye klasta ya majaribio au ile inayohudumia wateja. Ni kama kwenye kituo cha majani chai: kilo ni zilezile, lakini namba ya mkulima ikikosewa, malipo yanaenda kwingine.

Basi jina la muktadha liandikwe palepale kabla ya alama ya dola, kompyuta inaposubiri amri. Kwenye Bash, programu inayopokea amri hizo, hupangwa katika PS1, kigezo cha maandishi yanayotangulia amri, na hapo alama za kunukuu zina uzito mkubwa. Zikiwa za mkato mmoja, jina hutafutwa upya kila mstari. Zikiwa za mikato miwili, husomwa mara moja tu na kubaki lilelile hata ukihama klasta. Heri kukosa jina kuliko kuonyeshwa la uongo. Tena, faili ya mipangilio kwa kawaida ni moja: ukibadilisha muktadha kwenye dirisha hili, mengine yote yamehama, ingawa yataonyesha jina la zamani mpaka ubonyeze Enter.