Kwera wa Dakatcha: miaka 100 ya kutafuta kiota

Kila Jumatano, saa tatu asubuhi ikikaribia, watu wenye darubini shingoni hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Huanza kwa kumtazama chozi kwenye maua ya bustani, kisha huondoka kwenda msitu au bwawa lililochaguliwa siku hiyo. Fleur Ng'weno alianzisha matembezi haya mwaka 1971, na vijana wengi wa Kenya wanaoongoza watalii wa ndege leo walijifunzia hapo kutofautisha sauti moja na nyingine.

Chama kinachoyasimamia, Nature Kenya, kilizaliwa 1909. Enzi hizo ndege alitazamwa kwanza kwa bunduki: alipigwa, akachunwa, ngozi ikawekwa kwenye droo. Frederick Jackson, mmoja wa waasisi, alikusanya maarifa yaliyojaza vitabu vitatu vikubwa, vilivyotoka 1938, miaka tisa baada ya kifo chake. Mwaka 1963 John G. Williams akatoa kitabu cha kubeba mfukoni, na kuanzia hapo darubini ikashika nafasi ya bunduki.

Lakini safari ninayotaka Wakenya waikumbuke ni ya Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, kaunti ya Kilifi.

Kuna kwera anayeishi Kilifi tu, duniani kote hana kwingine. Dume ana kichwa cheusi na tumbo la njano. Wataalamu walimwandika 1913 na kumwita kwera wa Clarke. Makundi yake yalionekana msitu wa Arabuko-Sokoke, yakitafuta wadudu juu ya miti ya mirihi, kisha yakatoweka kwa miezi. Yalikwenda kutaga wapi? Kwera si ndege wa kujificha. Hujenga kwa makundi na kelele zake husikika mbali. Hata hivyo vizazi vya watazamaji vilipita bila kuona kiota hata kimoja.

Jibu lilipatikana Machi 2013, miaka 100 kamili baadaye. Wenyeji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha, wakishirikiana na Nature Kenya, waliwafuata ndege hao hadi kwenye dimbwi la msimu lililojaa maji ya mvua. Humo, katikati ya ndago, kwera walikuwa wakijenga. Dimbwi lenyewe hukauka kabisa jua likiwaka, ndiyo maana mgeni anayepita kiangazi asingeona chochote ila udongo uliopasuka. Heshima ya ugunduzi huo ni ya watu wanaoijua ardhi hiyo mvua na kiangazi, na ni aibu kwamba majina yao hayatajwi shuleni kwetu.

Miaka michache kabla, ilikusudiwa hekta 50,000 za Dakatcha zifyekwe kupandwa mbono kaburi, ili mafuta yake yauzwe Ulaya. Wenyeji walipinga na mradi haukupewa kibali. Sasa tishio ni uchomaji wa mkaa na mashamba ya mananasi. Nature Kenya imenunua sehemu ya ardhi ili kuihifadhi, lakini eneo kubwa bado halina ulinzi wa kisheria kama ule wa Arabuko-Sokoke.

Serikali ya kaunti na ile ya kitaifa ziyawekee madimbwi ya Dakatcha mipaka na ulinzi sasa, kabla dimbwi la kutagia halijageuzwa shamba.