Mwenda wa Bayeke, Mwalimu wa Gitaa

Katika ukumbusho huu tumkumbuke pia mwimbaji wetu wa Katanga, Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Wimbo wake «Masanga» ukavuka mipaka, ukasikika Afrika Mashariki hadi Ulaya.

Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili: gumba na cha shahada. Gumba lilishika sauti nzito, kidole kikajibu juu yake, hata gitaa moja likasikika kama mawili. Aliimba kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha sokoni na cha kambi za wafanyakazi.

Ujuzi wake hakuuficha. Edouard Masengo, ndugu yake, alijifunza kwake, naye akapata sifa hadi Nairobi. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifika Lubumbashi kuwa mwanafunzi wake, kisha akaandika habari za safari hiyo.

Mwenda alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari hapa Zambia, nchi iliyotupokea sisi.

Tulipokimbia tuliacha nyumba na mashamba. Nyimbo tulikuja nazo, lakini watoto waliozaliwa kambini watazipata kwa nani? Yule Mwingereza alitoka mbali. Watoto wetu wanakaa jirani na wazee wanaojua. Basi wazee, njooni shuleni mkae nao. Elimu ya gitaa haiandikwi ubaoni. Hupokewa mkono kwa mkono.