Utambuzi wa Usemi

Ukifungua mipangilio ya simu yako kwa Kiswahili, uwezo wa kuandika unachotamka unaweza kuukuta umeitwa "utambuzi wa hotuba" au "utambuzi wa sauti". Hilo la kwanza nalikataa moja kwa moja. Hotuba hutolewa jukwaani au mimbarini. Anayeiambia simu "mpigie mama" hajahutubia mtu.

La pili kosa lake limejificha. Sauti ni neno pana mno kwetu: mlio wa ngoma ni sauti, kinachotoka kooni mwa mwimbaji ni sauti, na mwanaisimu akitaja /b/ naye husema sauti. Kwa kompyuta hizo ni kazi mbalimbali. Programu inayokufungulia akaunti kwa kukusikia inatafuta nani anasema; huo ni utambuzi wa msemaji. Inayoandika maneno yako inatafuta kilichosemwa, awe ni mtoto au babu mwenye mafua. Huo ndio utambuzi wa usemi, na hauwezi kupewa jina moja na ule wa kwanza, kwa sababu kile ambacho mmoja unakishikilia ndicho mwingine unachojitahidi kukitupa.

Mambo huanzia kwenye kipaza sauti, kinachogeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme. Kompyuta huupima umeme huo, kwa kawaida mara 16,000 kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hunaswa hadi nusu tu ya idadi ya sampuli. Simu za kawaida zimezoea sampuli 8,000, kwa hiyo chochote kinachopita hezi 4,000 hupotea, na sehemu kubwa ya nguvu ya "s" iko huko juu. Ndiyo maana "nimemsuta" inaweza kukufikia kama "nimemfuta".

Kisha sampuli hukatwa vipande vya milisekunde 25 hivi, kila kimoja kikianza milisekunde 10 baada ya kilichotangulia, na kila kipande huchambuliwa kujua kina masafa gani na kwa nguvu kiasi gani. Hesabu yake ilitoka kwa Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha 1822 kilichohusu joto. Vipande vikipangwa sambamba hutoa picha iitwayo spektogramu. Tamka "shamba" uitazame: "sh" ni ukungu uliotanda juu, "a" ni mistari iliyopangana kama ngazi, "m" ni mkanda hafifu chini kabisa midomo ikiwa imefumba, halafu mpasuko wa "b" unasimama wima, mwembamba, na ngazi ya "a" inarudi.

Mwaka 1952 maabara ya Bell, Marekani, ilikuwa na mashine iliyoitwa Audrey. Ilitambua tarakimu kumi, lakini ilihitaji kurekebishwa ili imzoee anayesema. Usemi na msemaji bado walikuwa hawajatengana. Siku hizi mitandao ya neva hufunzwa kwa saa nyingi za sauti za watu wengi, na Kiswahili kimo: mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za wanaojitolea kusoma sentensi.

Hapo kwenye kusoma sentensi zilizoandikwa ndipo ninapopata wasiwasi. Mzungumzaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi: mnyama hutamkwa kwa mpumuo baada ya "p", la nyumba bila mpumuo. Kwenye spektogramu pumzi hiyo inaonekana, ukungu mfupi kabla ya ngazi ya "a" kuanza. Tahajia yetu sanifu huyaandika maneno yote mawili sawasawa. Mashine inayofunzwa kwa kulinganisha sauti na maandishi hayo inaiona pumzi hiyo vizuri kabisa, halafu inafundishwa kuipuuza, pamoja na mafua ya babu.