Mekanize: Historia ya Neno Moja la Kazi katika Tanganyika

Makala haya yanachunguza neno moja linalojulikana sana na wafanyakazi wa Serikali nchini Kongo, na kwa hiyo katika jimbo la Tanganyika pia, kuanzia Kalemie hadi Kiambi kandoni mwa mto Luvua. Neno lenyewe ni mekanize, lililotwaliwa kutoka Kifaransa cha ofisini. Mwalimu aliye mekanize ni yule ambaye jina lake limeingizwa katika mashine ya mishahara kule Kinshasa. Asiye mekanize hufundisha darasa lile lile, pengine kwa miaka mingi, bila hazina kumtambua.

Zamani ngazi ya kazi ilikuwa na majina mengine. Kapita, neno lenye asili ya Kireno, alisimamia kikosi cha wafanyakazi. Karani alishika kalamu na daftari. Reli ya CFL iliyotoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Géomines ilijenga bwawa la umeme la Mpiana Mwanga juu ya Luvua, kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono. Katika kazi kama hizo Mwafrika alipanda hadi ukapita au ukarani, na mara chache sana zaidi ya hapo. Ifahamike kwamba mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, nafasi za juu za utawala zilikuwa zaidi ya 4,000, nazo zilizoshikwa na Waafrika zilikuwa 3 tu.

Tofauti ya maana inastahili kuangaliwa. Kapita na karani ni majina ya watendaji: huyu anasimamia, yule anaandika. Mekanize ni jina la mtendwa. Hakuna ustadi wala bidii inayotajwa ndani yake; linasema tu kwamba mtu amekwisha kuingizwa. Tena linanukia zama za kadi zilizotobolewa. Kompyuta zimekuja, neno halikubadilika.

Kwa walimu, orodha hiyo ilishikwa na SECOPE, idara iliyoundwa katika miaka ya 1980, ambayo kazi yake sasa inafanywa na DINACOPE. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa Serikali uliposhuka thamani, wazazi ndio waliowalipa walimu, nayo fedha yao iliwafikia hata wasio mekanize. Mwaka 2011 Serikali ilianza kulipa wafanyakazi wake kwa njia ya benki, jambo lililowatesa walio mbali na miji. Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lilikuja Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure: mchango wa wazazi ukakatazwa, na aliyekuwa nje ya mashine akabaki mikono mitupu. Sera ilikuwa njema kwa mtoto; mwalimu huyo hakuandaliwa pa kusimama.

Hata aliyeingizwa hajamaliza safari. Mwalimu aliyekabidhiwa shule huweza kuendelea kulipwa kama mwalimu wa darasa mpaka cheo kipya kiandikwe Kinshasa. Wazazi na wanafunzi humwita mkurugenzi. Orodha bado humwita mwalimu.